Meza ya Mbao za Jahazi

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujitengenezea meza ya chakula bila kuvunja kibubu. Nitawaeleza meza moja tu, hii tunayolia wali kwangu, Tanga.

Mbao zake zimetoka kwenye jahazi bovu. Ukipita pwani hukosi chombo kilicholala ubavu, lakini msijichukulie. Hata chombo kilichooza kina wenyewe. Nilikubaliana na mwenyewe, nikaondoka na mbao za ubavuni, mvule, pamoja na mataruma manne, yaani mbavu za chombo. Vijana wa mkokoteni niliwalipa zaidi ya nilivyomlipa yeye.

Sasa msidhani nilipata dezo, maana jasho ndilo bei yenyewe. Mbao ya chombo ina misumari iliyokatikia ndani. Ukipitisha randa bila kuitoa, unasikia “kwa!”, na ulimi wa randa umeshapata pengo. Nilichopoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaitembeza juu ya kila ubao. Ikinasa, naweka alama ya chaki. Ubao mmoja ulikuwa na chaki kama uso wa mtoto aliyechezea unga.

Kisha niliziosha kwa maji matamu kutoa chumvi, nikazipanga kivulini, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti, wiki sita. Rangi ya zamani nayo muiogope, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa ikiwa kavu ukavuta vumbi lake. Ilowanishe, uiparue, na watoto wakae mbali.

Vipimo ni rahisi. Kimo sentimita 75, na kila mlaji apewe sentimita 60 za ukingo. Yangu ina urefu wa 180 na upana wa 90, watu watatu kila upande bila kugongana viwiko.

Hapa kwenye uso wa meza ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoaibika. Meza yangu ya kwanza kabisa nilimtengenezea shemeji. Niliunga mbao kwa gundi, nikazikaza chini kwa vipande vya kukingama, gundi na skrubu, zisicheze hata kidogo. Akaihamishia Dodoma. Haikupita miezi mitatu, simu: “Shemeji, meza imepasuka katikati!” Ubao hunywa unyevu wa pwani ukanenepa, na penye ukavu hukonda. Haurefuki, bali hutanuka na kusinyaa kwa upana. Uso wa sentimita 90 unaweza kupungua karibu sentimita nzima, na ukiuzuia, utapasuka tu. Siku hizi matundu ya skrubu kwenye vile vipande nayatoboa marefu, kufuata upana wa meza, naweka washa, vile vipete vya chuma chini ya kichwa cha skrubu, na gundi siweki kabisa. Uso unateleza wenyewe.

Miguu ni yale mataruma. Yamepinda kila moja kivyake, ndiyo maana hamtaiona meza kama hii dukani. Taabu ni kuyasawazisha. Nililaza kijiti sakafuni, nikaegemeza penseli juu yake, nikachora mstari kuzunguka kila mguu, kisha nikakata.

Mafuta ya nazi msipake, hayakauki, sahani zitateleza. Mimi nilipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono mitatu. Matambara yake yatandazeni nje yakauke, kwani ukiyafinyanga ukayatupa pembeni yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Naam, kaka pale nyuma? Matundu meusi ya misumari? Mwanzoni nilikataa kuyaziba, nikasema ndiyo sura yake. Punje za wali zikaingia, sisimizi wakafuata, mke wangu akanitolea gundi na unga wa msumeno bila kusema neno. Ya juu nimeziba yote. Ya chini bado yako wazi, mkija mtainama muyaone.