Kijiko, Uma na Kisu: Neno la Kijerumani Lisiachwe Uchi

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, asanteni kwa kuja. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili zaidi ya mara moja, na leo nitalisema tena, kwa sababu kila muhula hunijia mwanafunzi mgeni mwenye daftari lililojaa maneno ya Kijerumani yaliyoandikwa yakiwa uchi, bila der, bila die, bila das, vile vijineno vinavyotangulia jina na kuonyesha jinsia yake. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 2024, madaftari ya namna hiyo yameongezeka mno.

Nimekuja na vitu vitatu kutoka jikoni kwangu, na mke wangu amenionya kwamba virudi kabla ya chakula cha usiku. Kijiko hiki ni der Löffel, uma huu ni die Gabel, na kisu hiki ni das Messer. Meza ni moja, lakini jinsia ni tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo huku wala kule. Tafadhali msiniulize kijiko kina uanaume gani. Sisi wenyewe tumeviweka kijiko na kisu katika ngeli moja, uma tukautenga, tena wingi wake tukauita nyuma, na hakuna aliyetushtaki.

Nilipokuwa kijana nilihudumia meza katika hoteli moja ya ufukweni, ng'ambo ya kisiwa. Nilikuwa na daftari la mfukoni lenye maneno yapata mia mbili, nami nikijiona bingwa. Asubuhi moja mgeni wa Kijerumani, mama mtu mzima aliyekuwa amestaafu ualimu, aliniuliza ni nini ninachomwekea mezani, nikamjibu kwa fahari: Löffel. Akakibana kijiko kwa kidole, akasema: der Löffel. Nikasema ndiyo, Löffel. Kidole hakikuondoka. Chai inapoa, meza ya pili wananiita, mkubwa wangu ananikodolea macho kutoka mlango wa jikoni, na kidole kiko pale pale mpaka niliposema der Löffel, ndipo akakiachilia kijiko na kukoroga chai yake kana kwamba hakuna lililotokea. Kesho yake ikawa zamu ya uma. Siku ya tatu alinitaka niseme kwamba ninahitaji vyote vitatu, na hapo nikakwama kabisa, kwa sababu Mjerumani husema Ich brauche einen Löffel, eine Gabel und ein Messer: kitu chenye der kikitendwa, ein yake, yaani neno la “moja”, hugeuka kuwa einen, ilhali vile viwili vingine hubaki kama vilivyo. Asiyejua der hana pa kuanzia. Nilikaa wiki tatu na kalamu nyekundu nikilipitia daftari langu upya, neno baada ya neno, kazi ambayo ningeifanya bure siku ya kwanza.

Najua yupo atakayeniambia: mwalimu, Mjerumani atanielewa tu. Atakuelewa, kama unavyomwelewa mgeni wa bara anayekuambia kwamba kiti yake imevunjika. Lakini nyinyi watu wa Mombasa nawajua. Mnamwelewa, mnamjibu kwa adabu, kisha akigeuka mnatazamana.

Mwingine atasema kwamba ngeli zetu hujionyesha zenyewe, kisu na visu, lakini Löffel haina alama yoyote. Je, meza na gari zina alama gani? Meza imevunjika, gari limeharibika, na hakuna herufi hata moja katika maneno hayo iliyowafundisha tofauti hiyo. Mliyasikia yakija na viambishi vyake tangu mkibebwa mgongoni. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: msiandike Löffel, andikeni der Löffel, na wingi wake pembeni.

Hata lile neno linalochekwa sana, das Mädchen, msichana asiye wa kike, halitushangazi sisi. Kimaumbile ni neno la udogo, kwa ile -chen yake, na kila neno la -chen ni das. Sisi husema mtoto analia, lakini tukimdogosha tunasema kitoto kinalia, na mtoto hajaacha kuwa mtu. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitua hapa hapa Mombasa akajifunza Kiswahili chetu na ngeli zake zote hizi. Sisi tunalalamikia tatu.

Msimamizi ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbio. Maneno yanayoishia kwa -ung, -heit na -keit ni die; siku na miezi ni der. Orodha ya maneno ya mtihani wa A1, yaani ngazi ya kwanza, wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, ina maneno yapata 650, nayo si mengi kwa mtu anayejifunza kumi kwa siku. Matamshi yasiwatishe: anayesema kheri kwa kh yake ya Pwani ameshaipata sauti ya mwisho ya das Buch, kitabu. Msipitie Kiingereza, kwani kwa Mjerumani Gift ni sumu, na barua ya kumwahidi Gift itamfanya asije kabisa. Kuhusu du na Sie, “wewe” ya mazoea na “wewe” ya heshima, nilikuwa na mengi, lakini nyinyi mnaojua ni nani wa kuamkiwa shikamoo hamtanisumbua sana.

La mwisho ni saa. Mjerumani akisema halb fünf, hasemi saa tano na nusu, bali nusu ya kuielekea saa tano, na saa tano yake ya jioni ni saa kumi na moja yetu. Darasa la kesho linaanza halb fünf, alasiri. Atakayekuja saa kumi na moja na nusu atatukuta tunafuta ubao.