Msinunue Kibandiko: Laptopu ya Timu ya Roboti

Wazee wangu shikamooni, walimu wenzangu na vijana wa timu, habari za asubuhi. Nalirudia lile lile, na nitalirudia mpaka Mtwara nzima inichoke: laptopu ya kuandikia programu za roboti hainunuliwi kwa kibandiko, ile stika ya i5 au i7 inayotaja aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Msimu wa korosho ukifika wazazi wanachanga, mtu anatumwa mjini, anarudi anatamba: "Nimepata i7!" i7 ya lini? Shule moja waliletewa hivyo. Nikafungua Task Manager mbele yao, tukasoma jina la prosesa: i7-2620M. Tazameni tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ni 2, kizazi cha pili, mwaka 2011. Rika moja na vijana wa kidato cha pili waliokuwa wakiitumia! RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4, diski ya kuzunguka. Kijana anabofya apakie programu kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kuendeshea roboti, taa ya diski inawaka haizimi, timu nzima imekaa inautazama mstari unavyojikokota. Mtumba mwingine, i5-8250U ya kizazi cha nane, RAM GB 8 na SSD, diski isiyozunguka, ungewafaa mara nyingi zaidi. Na hicho kizazi cha nane si ushabiki wangu: Windows 11 haiikubali rasmi i7 ile, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Najua mtaniuliza: "Mbona Control Hub ya REV, kile kisanduku cha kuendeshea roboti, inaandikiwa programu kwenye kivinjari tu?" Kweli, na hapo hata GB 4 itajikongoja. Lakini vijana wakitaka kuhamia Android Studio, ile programu nzito ya kuandikia programu, hiyo inaanzia RAM GB 8. Mnanunua ya mwaka huu tu?

Na zile ndogo mpya za bei ya chini, hifadhi GB 64, mara nyingi RAM yake imechomewa kwenye bodi. Hakuna cha kuongeza. Achaneni nazo.

Nendeni dukani na Arduino yenu na kebo yake. Kabla pesa haijatoka mfukoni, chomekeni, pakieni programu ya kuwasha taa, taa ipepese mkiiona. Kama bodi ni ile ya chipu ya CH340, inayoiunganisha na USB, bebeni na draiva yake, programu ya kuifanya kompyuta iitambue, kwenye flashi. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Betri: chomoeni chaja nusu saa, mwone asilimia zinavyoshuka, umeme wetu mnaujua. Skrini na uzito tuviache, muda umenibana. Mama pale nyuma, umenyoosha mkono tangu mwanzo, karibu uulize.