Daftari la Mtoto Aliyepona Saratani

Wauguzi wenzangu, wazazi na walimu mliofika leo hapa Mbale, nawasalimu na kuwashukuru.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa saratani ya taya aliouona kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1967 ikaanzishwa hapo Mulago taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto aliyepona miaka ile leo ana umri wa kuwa na wajukuu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona, na lengo hilo likitimia, watu wa namna hii watajaa vijijini mwetu. Ninachouliza ni nani atakayewajua.

Dawa iliyomwokoa mtoto huweza kumwachia deni. Sisplatini, mojawapo ya dawa za saratani, huweza kudhoofisha masikio, na mwanafunzi asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Walimu, hilo naliweka mikononi mwenu. Aliyetolewa figo moja anapaswa kupimwa shinikizo la damu kila mwaka, na asinunue diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, dukani kila mgongo unapouma. Dawa nyingine ya saratani, doksorubisini, ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu huweza kuumiza misuli ya moyo, madhara yake huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyoongezeka, na yanaweza kukaa kimya miaka kumi au kumi na mitano, hadi moyo utakapobebeshwa mzigo mzito kama wa ujauzito.

Katika kituo cha afya nilichofanyia kazi zamani alifika mama mjamzito wa miaka 22, miguu imevimba, usiku analala ameketi. Tulimpima malaria, tukampa vidonge vya kuongeza damu, tukamrudisha nyumbani. Aliporudi siku ya tatu akihema, ni mama yake mzazi aliyesema kwamba binti huyo, akiwa darasa la pili, alitibiwa uvimbe wa figo kwa "ile dawa nyekundu ya kwenye mshipa", yaani doksorubisini. Nikauliza daftari liko wapi. Lililiwa na mchwa. Tulimpeleka hospitali kubwa, akajifungua salama, lakini zile siku tatu sijazisahau, kwani swali moja la siku ya kwanza lingetosha.

Sisi Uganda tumezoea mgonjwa kutembea na daftari la shule lenye maelezo ya daktari, na silidharau hata kidogo, maana ndilo linalofika hadi kituo cha mwisho kabisa. Basi mtoto anapomaliza matibabu aondoke na ukurasa mmoja uliogundishwa ndani ya jalada: jina la ugonjwa, kila dawa na jumla ya dozi yake, sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi, upasuaji uliofanyika, na vipimo vya kurudiwa pamoja na mwaka wake. Mzazi aupige picha kwa simu, nakala ibaki hospitalini, na kijana akifikia umri wa kuelewa asomewe mstari kwa mstari, kwa lugha ya nyumbani kwao, likiwemo suala la uzazi, ambalo wengi wetu hulikwepa kwa aibu huku yeye akilibeba peke yake.

Nimekuja na nakala za ukurasa huo, ziko mezani pale mlangoni. Mzazi ambaye mwanawe bado yumo wadini asisubiri siku ya kuruhusiwa. Achukue moja leo, na wiki hii amwombe daktari aanze kuijaza.