Acheni Makaa, Someni Mizania: James Mwangi na Equity ya 1993

Mwenyekiti, walimu na wanafunzi,

Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya James Mwangi, anayenikaribisha huanza na makaa: mtoto wa Kangema, aliyelelewa na mama mjane, akauza makaa na matunda, akaja kuwa bwana mkubwa wa benki ya Equity. Sawa, lakini Murang'a ilikuwa na watoto wengi waliouza makaa. Mimi, kama ilivyo desturi yangu, nitawarudisha kwenye vitabu vya hesabu vya 1993, kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni.

Mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ilikwisha kuihesabu Equity Building Society, chama cha akiba na mikopo ya nyumba kilichoasisiwa na Peter Munga na wenzake mwaka 1984, kuwa mufilisi. Katika kila shilingi 100 ilizokopesha, 54 zilikuwa katika mikopo isiyolipwa ipasavyo; hasara iliyolimbikizwa ilifika shilingi milioni 33; na, jambo linalonikera hadi leo, amana za wateja ndizo zilizolipia gharama za uendeshaji. Ugonjwa ulionekana wazi: fedha ambazo mweka akiba angeweza kuzidai kesho asubuhi zilikopeshwa watu wajengee nyumba, wazirudishe kwa miaka mingi. Ndipo Mwangi, mhasibu aliyefunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia kama mkurugenzi wa fedha.

Najua yupo atakayesema kwamba basi sifa ni za Munga, aliyemwita Mwangi. Mpeni zake! Kukiri kwamba hesabu zimekushinda, ukamwita anayezijua, ni jambo ambalo viongozi wengi wa vyama vyetu vya akiba hawaliwezi.

Mikopo ya nyumba ikaachiwa nafasi na mikopo midogo ya wakulima na wachuuzi. Mfikirieni mama mwenye shilingi 200 zilizofungwa kwenye pindo la leso: benki za siku zile zilimtaka awe na kima cha chini cha salio asichoweza kukifikia. Equity ikaliondoa sharti hilo, tena ikapeleka magari ya benki vijijini, yakamfuata alipo. Akiba yake ni ndogo, lakini wenzake ni wengi, na hawaji wote kutoa fedha siku moja; hivyo zipo za kukopesha.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Basi kwa haraka: Equity kuwa benki kamili mwishoni mwa 2004, Soko la Hisa la Nairobi 2006, tuzo ya dunia ya wajasiriamali kwa Mwangi kutoka Ernst & Young 2012, Equity kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2015. Hayo mtayasoma wenyewe. Maswali ya mizania nitayapokea. Ya makaa, hapana.