Nyongeza Ndogo Kwenye Karata ya Mwisho

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Karibuni wasikilizaji, tuko barazani Ngamiani, Tanga. Poka tunaicheza kwa kete za bao, pesa haiguswi. Kamari haina nafasi kwenye nyumba hii.

MPWA: Leo nina jambo moja tu. Kila mmoja ana karata mbili mkononi, na tano za mezani ni za wote. Karata ya tano imefunuliwa, hakuna nyingine inayokuja. Naweka dau, mwenzangu anapandisha kidogo kabisa, kile kiwango cha chini kinachoruhusiwa.

SHANGAZI: Yaani mara mbili ya dau lako.

MPWA: Ndiyo. Tuseme mezani pana kete 20. Naweka 10, anapandisha hadi 20. Natakiwa kuongeza 10 tu, na pale chini zipo 50. Nikishinda mara moja katika sita nimerudisha changu. Nitupe karata kwa nini?

SHANGAZI: Hesabu yako ni sawa. Lakini itazame na ya kwake. Akiwa anakupiga mkwara, anatoa 20 kufukuzia 30. Ili mkwara huo umlipe, lazima ukimbie, yaani utupe karata, angalau mara 4 katika 10. Wewe utakimbia mara zote hizo kwa bei rahisi hivyo?

MPWA: Sikimbii.

SHANGAZI: Naye anajua. Mwenye akili ya mchezo akitaka kukutisha atapandisha kwa nguvu, au ataacha. Anayepandisha kidogo, mara nyingi ana karata nzuri na anaogopa utamkimbia.

MPWA: Haya, nitandike mfano. Nina ree na mfalme. Zimefunuliwa mfalme wa shupaza, tisa ya kopa, nne ya uru, kisha saba ya maua, ya mwisho mbili ya shupaza. Mfululizo hauwezekani, wala rangi moja. Nina jozi ya wafalme na ree pembeni. Nimeweka dau mwanzo hadi mwisho, amefuata tu, yaani analipa bila kupandisha, sasa ndiyo anapandisha.

SHANGAZI: Tuhesabu zinazokupiga ambazo kwa alivyocheza huenda zaidi anazo. Mwenye tisa mbili mkononi anapata tisa tatu, na ziko njia 3 za kuwa nazo. Saba mbili, 3. Nne mbili, 3. Mbili mbili, 3. Hizo 12. Mfalme na tisa, yaani jozi mbili: wafalme wamebaki wawili, mmoja uko nao wewe, mmoja uko chini. Tisa zimebaki tatu. Njia 6. Mfalme na saba, 6 nyingine. Jumla 24.

MPWA: Basi nikiweza kuona njia tano za mkwara dhidi ya hizo 24, nafuata.

SHANGAZI: Zitoke wapi?

MPWA: Ghulamu na kumi! Baada ya ile saba alikuwa anangoja malkia au nane, hakupata. Hiyo peke yake ina njia 16.

SHANGAZI: Zipo. Ila jiweke kwenye kiti chake. Hana hata jozi, na amekuona ukiweka dau raundi zote. Kete 10 za ziada zitakuondoa? Ndiyo maana zile 16 nyingi anazitupa kimya kimya, na chache anazopandisha, anapandisha kubwa.

MPWA: Na mwenye mfalme na malkia, anayeamini anaongoza?

SHANGAZI: Hapo umenigusa. Hizo ni njia 8, na zinatosha. Wapo watu wa hivyo, hupandisha kidogo kwa karata ya wastani. Umewahi kumwona akifunua ya namna hiyo, mfuate usisite. Usiyemjua, tupa. Najua inauma kuitupa ree na mfalme, lakini tupa.

MPWA: Nami nikiwa na zile tisa mbili, yeye ndiye kaweka 10?

SHANGAZI: Usimwige huyo wa nyongeza ndogo. Ukipandisha hadi 20, hata akufuate kila mara unaongeza kete 10. Ukipandisha hadi 40 unaongeza 30. Akufuate mara moja tu katika tatu, umelingana na yule wa nyongeza ndogo. Zaidi ya hapo ni faida yako.

MPWA: Ila mwenye jozi dhaifu, akiona 40 atakimbia.

SHANGAZI: Kwa huyo tu, ambaye una hakika hafuati kubwa, ndipo nyongeza ndogo ina kazi.

MPWA: Na akipandisha tena juu yangu?

SHANGAZI: Kinachokupiga ni wafalme watatu peke yake. Weka zote, mwanangu.