Mwenye Waya na Bei ya Intaneti Majumbani

Ndugu wageni waalikwa, wanafunzi na wafanyabiashara mliofika,

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tukilalamikia bei ya intaneti hutazama vifurushi vya simu, tukahesabu kampuni zinazoshindana, kisha tukashangaa kwamba ushindani huo haujatuletea waya wa bei nafuu nyumbani. Nasema tunatazama pasipo na kiini cha tatizo. Anayepanga bei ni yule anayemiliki njia ambayo wengine wote hulazimika kuipitia.

Historia yetu inaonesha hivyo. Baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, TTCL, kampuni ya simu ya taifa, ilirithi simu za mezani, na mwaka 2001, serikali ilipouza asilimia 35 ya hisa zake kwa wawekezaji kutoka Ulaya, kampuni hiyo ilipewa kinga ya miaka 4 dhidi ya washindani katika huduma hiyo. Kinga ya namna hii hutolewa ili mwekezaji apate muda wa kutandaza mtandao. Wananchi hawakusubiri; walihamia simu za mkononi, ambako ushindani ulikwishaanza. Nchi za Ulaya zilipoanza kuuza intaneti ya kasi, zilipitisha huduma hiyo katika nyaya za shaba zilizokwisha kuingia karibu kila nyumba, ilhali Manzese na Mbagala nyaya hizo zilikuwa chache mno.

Upande wa baharini mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mkongo wa SEACOM, yaani waya wa intaneti upitao chini ya bahari, ulipoanza kazi Julai 2009, na mwingine wa EASSy mwaka uliofuata, tuliacha kutegemea setilaiti pekee, na kwa kuwa mikongo hiyo ilikuwa na wenyewe tofauti, kampuni iliyonunua intaneti kwa jumla ilikuwa na pa kukimbilia.

Nchi kavu ndiko ninakoona kazi kubwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya faiba inayosafirisha intaneti nchini, ni mali ya umma, nami naunga mkono ubaki hivyo. Lakini TTCL inayousimamia huuza pia intaneti kwa wateja wa kawaida, yaani humuuzia jumla mtu yuleyule inayeshindana naye rejareja. Hata pasipo nia mbaya, mpangilio huo unamtia shaka mshindani kabla hajachimba mtaro wa kwanza. Uingereza ilikabiliwa na swali hilohilo kwa BT, kampuni yake kubwa ya simu, na mwaka 2006 ikaundwa Openreach, kitengo chenye wajibu wa kuwahudumia washindani kwa masharti yaleyale inayopata BT yenyewe.

Gharama ya kutofanya hivyo huwaangukia wadogo. Benki kubwa iliyo katika jengo la Posta House huweza kuvuta nyaya mbili na kujadiliana bei. Mwenye steshenari Sinza, au mzazi ambaye watoto wake wanasoma kwa intaneti, hununua gigabaiti kwa gigabaiti, na kila moja humgharimu zaidi ya mwenye waya usio na kikomo. Vivyo hivyo katika jengo la ghorofa Kariakoo: mwenye jengo akikubaliana na kampuni moja tu, mpangaji hana la kuchagua hata kama mtaani zimepita faiba tatu.

Kwa hiyo naiomba TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, mambo mawili: itangaze hadharani bei za jumla za Mkongo wa Taifa, zikiwa zilezile kwa TTCL na kwa wengine, na ipige marufuku mikataba ya kampuni moja katika majengo ya wapangaji.