Kuunda behewa dogo kutoka seti ya zamani ya shaba ya njano

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani kuna bamba moja la shaba ya njano lenye unene wa milimita 0.25. Ndani yake mna pande mbili za behewa la treni la mfano, ncha mbili (kuta fupi za mbele na nyuma), sakafu na vikorokoro vya chini, vyote bado vimeshikana na fremu. Ni seti ya Kiingereza ya mtindo wa miaka ya 1970, skeli ya milimita 4 kwa futi, yaani 1:76.2. Maelekezo yake ni ukurasa mmoja uliopigwa taipu, na vipande havina namba. Basi piga picha bamba zima kabla hujakata chochote.

Michoro ya seti hizi ilichorwa kwa mkono kwa ukubwa, ikapunguzwa kwa kamera, kisha asidi ikala shaba kutoka pande zote mbili. Penye mstari ulioliwa upande mmoja tu, ndipo pa kukunjia. Makosa yake mengi ni ya mchoraji: alichora behewa kana kwamba bamba halina unene.

Kwa hiyo tunaanza na rula ya kalipa. Behewa hili ni la futi 26 kwa 8, kwa hiyo mwili uwe milimita 104 kwa 32. Ncha zinakaa katikati ya pande mbili, na kila upande una milimita 0.25. Ncha inatakiwa iwe 31.5. Hii inasoma 32 kamili. Ukiilehemu hivyo, behewa litanenepa nusu milimita na paa halitakaa. Tutaipunguza kwa tupa, robo milimita kila upande, ili dirisha libaki katikati.

Kukata: weka bamba juu ya kigae au chuma tambarare, si juu ya mkeka laini wa kukatia. Mkeka unabonyea, na kipande kinapinda palepale unapobonyeza kisu. Kata vishikizo, yaani vijipande vinavyokishika kipande kwenye fremu, karibu na kipande, halafu pitisha tupa ukingoni. Kuna kinundu chembamba katikati ya unene, pale asidi ya juu na ya chini zilipokutana. Kisipoondolewa, kona haitakutana vizuri.

Sasa sehemu inayoharibu behewa nyingi kuliko zote: mviringo wa chini ya ubavu, yaani ule upande mrefu wa behewa, unaoingia ndani kuelekea sakafuni. Seti za baadaye huleta ubavu uliokwisha kukunjwa. Hizi za mwanzo zinakuachia wewe. Laza ubavu juu ya sponji ngumu, uso wa nje ukitazama chini. Soli ya ndala safi inafaa kabisa. Chukua fimbo ya chuma ya milimita 10, ilaze sambamba na ukingo wa chini, bonyeza na uviringishe kidogo kidogo. Kila mara mbili tatu, simamisha ubavu kwenye ncha na utazame mwanga kati yao. Usisogeze fimbo hadi usawa wa madirisha: pale shaba ni kidogo, na ubavu utavunjika mkunjo badala ya kuzunguka. Usiupashe moto ili ulainike, kwani shaba iliyolainishwa hupinda hata ukiishika tu.

Ubavu ukishakaa, ndipo tunaweka fremu za madirisha ya milango kwa nyuma. Paka lehemu nyembamba kwenye fremu, ishikilie kwa kibano, gusa kwa ncha ya chuma cha kulehemia, basi.

Kuhusu moto: tumia chuma cha kulehemia cha wati 40 hadi 50 chenye ncha pana. Wengi huchagua kidogo wakidhani ni salama zaidi. Ni kinyume chake. Shaba inanyonya joto, chuma kidogo kinakaa pale pale muda mrefu, na ubavu mzima unajikunja. Kikubwa kinaingia na kutoka kwa sekunde mbili. Flaksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, ni asidi ya fosforiki iliyochanganywa na maji, tone dogo kwa brashi. Lehemu inayoyeyuka kwa nyuzi joto 145 ni nzuri kwa kazi hii, ila ina kadimiamu na risasi: fungua madirisha na unawe mikono.

Usijenge boksi kwa mpigo mmoja. Lehemu ubavu mmoja na ncha moja upate umbo la L, kisha L ya pili. Gusa juu na chini tu, pima kwa skwea, halafu jaza mshono kwa ndani. Ukiunganisha L mbili, pima mishazari. Zote zisome karibu 108.8, zikitofautiana, yeyusha kona moja na urekebishe.

Sakafu inakunjwa mara moja, mfereji ukiwa ndani ya kona. Ukirudisha nyuma na mbele inakatika. Jaza lehemu ndani ya mkunjo. Nati za 8BA (kipimo cha zamani cha skrubu cha Kiingereza) zinalehemiwa juu ya sakafu; chomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu, lehemu isiingie kwenye mizunguko ya ndani ya nati. Skrubu ya M2 haiendani nazo, usiilazimishe.

Magurudumu ni ya milimita 14, ekseli ya milimita 26 yenye ncha kali, beringi za shaba. Kwa njia yenye milimita 16.5 kati ya reli mbili, kati ya migongo ya magurudumu pawe 14.5. Ekseli moja iwe imara, nyingine icheze juu ya waya wa katikati. Chasi ya chuma haipindi, kwa hiyo zote zikiwa imara, gurudumu moja litaelea na behewa litaanguka kwenye makutano ya reli. Lijaribu juu ya kipande cha kioo: gonga kila kona kwa kidole uone kama linayumba.

Bafa (vizuizi vya mgongano vya mbele na nyuma) na masanduku ya grisi ya ekseli ni aloi laini ya kumwagwa, yenye kuyeyuka upesi, kwa hiyo zinalehemiwa kwa lehemu ya nyuzi 70. Lehemu hiyo haishiki shaba tupu, basi paka kwanza ile ya 145 upande wa shaba, halafu punguza moto.

Mwishoni osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na baking soda kidogo. Flaksi ikibaki, baada ya wiki chache utaona ukungu wa kijani chini ya rangi, na hapo ni kukwangua upya. Acha likauke usiku kucha kabla ya praima.